HESABU YA MBU: HISTORIA YA KUPIMA MWENENDO WA MARADHI YA KUAMBUKIZA

Utangulizi

Mwaka 1897 Robert Koch, tabibu mashuhuri wa Kijerumani, alifika Dar es Salaam kuchunguza maradhi ya nchi za joto. Katika safari zake alipanda milima ya Usambara, na huko akasikia jambo ambalo baadaye aliliandika katika taarifa zake za mwaka 1898. Watu wa mlimani walijua kwamba mtu akishuka bondeni na kulala huko aghalabu hurudi na homa. Walipoulizwa sababu, walisema kwamba huko chini kuna wadudu wanaouma, na kwamba homa hutokana na wadudu hao. Tena, mdudu na homa yake waliviita kwa jina moja tu: mbu.

Mwaka huo huo, tarehe 20 Agosti, daktari wa jeshi la Kiingereza aitwaye Ronald Ross alipasua tumbo la mbu katika mji wa Secunderabad, Bara Hindi, akaona ndani yake vimelea vya malaria. Ugunduzi huo ulimpatia Ross Tuzo ya Nobel mwaka 1902. Wazee wa Usambara hawakupata tuzo, wala majina yao hayakuandikwa. Lakini ni dhahiri kwamba jambo lililothibitishwa kwa darubini huko Bara Hindi lilikuwa limekwisha kutambuliwa kwa macho na kwa uzoefu katika milima yetu.

Kujua kwamba mbu huleta homa ni hatua ya kwanza. Hatua ya pili ni kuuliza: mbu wangapi? Wanaoishi siku ngapi? Wakipunguzwa kwa kiasi gani, maradhi yatakwisha? Maswali haya ndiyo yaliyozaa elimu ya kutumia hisabati ili kuelewa jinsi maradhi ya kuambukiza yanavyoenea. Katika makala haya tunakusudia kueleza historia ya elimu hiyo, na hasa sehemu yake iliyofanyiwa kazi Muheza, Amani, Pare na Taveta.

Huenda msomaji akashangaa kuikuta hisabati katika kitabu cha utamaduni. Lakini utamaduni wa taifa si ngoma na mashairi peke yake. Namna watu wanavyohesabu siku za mvua, wanavyopima mashamba, na wanavyojikinga na maradhi ni sehemu ya utamaduni wao. Zaidi ya hayo, hesabu tutakazozieleza zilijengwa kwa damu iliyotoka katika vidole vya watoto wetu na kwa mbu walionaswa ndani ya nyumba zetu. Hatuna budi kuzijua, kwa kuwa ni zetu pia.

Njia za Misafara na Kipindupindu

Kabla ya kuhesabu, watu walianza kwa kufuatilia. Katika miaka ya 1869 na 1870 kipindupindu kiliingia Unguja na kuua watu wengi sana. Daktari wa Kiskoti aliyeishi kisiwani, James Christie, alijiuliza maradhi hayo yametoka wapi. Wengi walidhani kwamba kipindupindu huja kwa majahazi tu. Christie aliwauliza wafanyabiashara, manahodha na wasafiri wa bara: ulikuwa wapi mwezi fulani, na ulikuta watu wanaugua? Kwa kuunganisha majibu yao alionyesha kwamba safari hii maradhi yalishuka kutoka bara kwa njia za misafara, yakafika pwani upande wa Pangani, kisha yakavuka bahari. Kitabu chake kilichapishwa mwaka 1876.

Christie hakuandika mlinganyo hata mmoja. Hata hivyo alithibitisha jambo ambalo ni msingi wa hesabu zote zilizofuata: maradhi hayaendi ovyo. Yanafuata nyendo za watu, kwa mwendo wa watu, na kwa hiyo mwenendo wake unaweza kuchunguzwa na kupimwa. Aidha, elimu yake ilitoka vinywani mwa wasafiri wa Kiswahili na wa Kiarabu waliojua njia za bara kuliko yeye.

Bernoulli na Hesabu ya Ndui

Mtu wa kwanza anayejulikana kuandika hesabu kamili ya maradhi ya kuambukiza ni Daniel Bernoulli, mwanahisabati wa Uswisi. Mwaka 1760 aliwasilisha mbele ya wataalamu wa Paris hesabu kuhusu ndui, nayo ikachapishwa mwaka 1766. Wakati huo chanjo tuijuayo leo haikuwapo. Palikuwapo desturi ya kumchanja mtu mzima wa afya kwa usaha wa mgonjwa, ili augue kidogo na kupona. Desturi hiyo iliwakinga wengi, lakini baadhi yao iliwaua.

Bernoulli alichukua makisio mawili. Kwanza, kila mwaka mtu mmoja katika wanane ambao hawajapata ndui huipata. Pili, mmoja katika wanane wanaoipata hufa. Kwa makisio hayo, na kwa orodha za vifo zilizokuwapo, alikokotoa kwamba kama ndui isingekuwapo, wastani wa umri ungepanda kutoka miaka 26 na miezi 7 hadi miaka 29 na miezi 9. Yaani kila mtoto azaliwaye angepata wastani wa zaidi ya miaka mitatu ya kuishi.

Mwanahisabati wa Kifaransa, d'Alembert, alimpinga. Alisema kwamba faida ya dola na faida ya mtu mmoja hazilingani. Dola hupata faida baada ya miaka mingi, lakini mama anayempeleka mwanawe kuchanjwa anahofia kumpoteza mwezi huu huu. Tunalitaja bishano hili kwa sababu halijapata kwisha. Kila hesabu ya maradhi huzungumza juu ya watu wengi kwa pamoja, na kila mzazi humtazama mtoto wake mmoja. Tutaliona tena litakapofika kwetu.

Ross na Mlinganyo wa Malaria

Baada ya ugunduzi wake, Ross alihubiri kwamba malaria inaweza kuondolewa kwa kupunguza mbu. Wengi hawakumkubali. Jaribio lililofanywa mwanzoni mwa karne ya 20 huko Mian Mir, karibu na Lahore, la kufukia madimbwi na kuua viluwiluwi, lilionekana kuwa limeshindwa. Wapinzani wakasema: mbu hawawezi kumalizwa, mkifukia dimbwi moja watakuja kutoka jingine, kazi hii ni bure.

Ross aliona kwamba hoja hiyo haiwezi kujibiwa kwa maneno. Mnamo mwaka 1907 alipelekwa kisiwa cha Morisi, katika Bahari yetu ya Hindi, kutoa ushauri juu ya malaria iliyokuwa ikiwasumbua watu wa huko. Kwa kupapasa matumbo ya watoto na kuhesabu waliovimba bandama, alikadiria kiasi cha malaria katika kila sehemu ya kisiwa. Katika taarifa yake ya mwaka 1908, na katika kitabu chake cha mwaka 1910 kilichotolewa tena mwaka 1911, aliliweka suala zima katika milinganyo.

Mawazo yake ni rahisi kuyafuata. Ili malaria iende kutoka kwa mtu mmoja hadi kwa mwingine, mambo kadhaa lazima yafuatane. Mbu amuume mgonjwa mwenye vimelea. Mbu huyo aishi muda wa kutosha vimelea vikomae ndani yake. Kisha amuume mtu mwingine. Kila hatua ina nafasi yake ya kutokea au kutotokea, na nafasi zote huzidishwa pamoja. Wakati huo huo wagonjwa wa zamani wanapona. Endapo wagonjwa wapya ni wachache kuliko wanaopona, malaria itapungua mwaka hata mwaka mpaka iishe, ingawa mbu bado wapo.

Hiyo ndiyo hoja kubwa ya Ross. Si lazima kumuua kila mbu. Kuna kiwango fulani, na mbu wakipungua chini ya kiwango hicho maradhi hayawezi kujiendeleza. Ni sawa na moto wa nyika: nyasi zikiwa zimesongamana utawaka mpaka mwisho wa mbuga, nyasi zikiwa chache, zimetawanyika, utazimika wenyewe.

Kiwango Ambacho Mlipuko Hukoma

Kijana mmoja aliyefuatana na Ross katika safari ya Sierra Leone mwaka 1901, Anderson McKendrick, aliiendeleza kazi hiyo. Baada ya kutumikia Bara Hindi kwa miaka mingi, alirudi Uskoti akashirikiana na William Kermack, mwanakemia aliyekuwa amepofuka kwa ajali ya maabara mwaka 1924. Mwaka 1927 watu hawa wawili walitoa makala ambayo bado ni msingi wa elimu hii.

Kermack na McKendrick waliwagawa watu katika mafungu matatu: wanaoweza kuambukizwa, wanaoambukiza, na ambao wamekwisha kutoka katika hatari kwa kupona au kwa kufa. Watu huhama kutoka fungu la kwanza kwenda la pili, na kutoka la pili kwenda la tatu. Kwa kulinganisha hesabu zao na vifo vya tauni katika mji wa Bombay vya mwaka 1905 na 1906, walionyesha kwamba mlipuko hupanda, hufika kilele, kisha hushuka. Tena, haushuki kwa sababu watu wote wamekwisha kuugua, bali kwa sababu wasiougua wamekuwa wachache mno kuweza kuupokea.

Tuchukue mfano wa shule. Tuseme mgonjwa mmoja wa maradhi fulani huambukiza wenzake watatu, endapo wote hawana kinga. Wawili kati ya kila watatu wakiwa na kinga, mgonjwa huyo ataambukiza mmoja tu, naye ataambukiza mmoja, na maradhi hayatakua. Wakizidi wawili katika kila watatu, yatakufa. Surua ni kali zaidi: mgonjwa mmoja anaweza kuambukiza watu 12 hadi 18. Kwa hiyo ili kuizuia ni lazima 11 katika kila 12, au hata 17 katika kila 18, wawe na kinga. Hii ndiyo sababu wauguzi wetu hawatosheki wakisikia kwamba watoto wengi wa kijiji wamechanjwa. Katika surua, wengi hawatoshi.

Muheza: Umri wa Mbu

Sasa tufike nyumbani. Katika miaka ya 1930 Dakta Donald Bagster Wilson alichunguza malaria katika Tanganyika, hasa upande wa Tanga. Mwaka 1949 kilianzishwa huko Muheza kituo cha utafiti wa malaria kwa ajili ya Afrika ya Mashariki, naye akawa mkuu wake. Baadaye kituo hicho kilihamia Amani, katika Usambara ya mashariki. Hivyo utafiti ukarudi katika milima ile ile ambayo watu wake walikuwa wakiita mdudu na homa kwa jina moja.

Wakati huo, mjini London, Profesa George Macdonald alikuwa akiipitia upya milinganyo ya Ross. Mwaka 1952 alitoa hesabu zake, na mwaka 1957 akazikusanya katika kitabu. Macdonald aliuliza: mgonjwa mmoja wa malaria, akiwekwa katikati ya watu wasio na kinga, atasababisha wagonjwa wangapi wapya? Idadi hiyo ikiwa zaidi ya moja, maradhi yanaendelea. Ikiwa chini ya moja, yanakoma. Alipotafuta ni jambo gani linaloibadili idadi hiyo kuliko mengine, alikuta kwamba si wingi wa mbu. Ni umri wao.

Ili jambo hili lieleweke, tufanye hesabu yetu wenyewe. Vimelea huhitaji siku zipatazo 12 ili kukomaa ndani ya mbu. Tuchukue mbu 100 walionyonya damu ya mgonjwa leo, na tuseme kwamba kila siku 90 katika kila 100 husalimika. Baada ya siku 12 watabaki mbu 28. Sasa tuseme nyumba zimepuliziwa dawa, na wanaosalimika kila siku ni 80 katika kila 100. Baada ya siku 12 watabaki saba tu. Aidha, wale 28 wana wastani wa siku zaidi ya tisa za kuendelea kuuma, hali wale saba wana siku nne na nusu tu. Tukizidisha, tunaona kwamba badiliko dogo la kutoka 90 hadi 80 limepunguza maambukizo mpaka takriban sehemu moja ya tisa. Kama tungaliua nusu ya viluwiluwi wote madimbwini bila kugusa umri wa mbu, tungalipunguza maambukizo kwa nusu tu.

Liko na jambo la pili. Mbu lazima aume mara mbili: mara ya kwanza kupokea vimelea na mara ya pili kuvitoa. Kwa hiyo, tukimzuia asiwaume watu kwa nusu, maambukizo hayapungui kwa nusu bali hubaki robo. Hapa ndipo chandarua kinapopata nguvu yake, na chandarua kilichotiwa dawa hufanya kazi zote mbili kwa pamoja: humzuia mbu asiume, na humfupishia maisha.

Lakini milinganyo bila vipimo ni kama mizani bila mawe. Vipimo vilitoka wapi? Vingi vilitoka Muheza na vitongoji vyake. Mwaka 1953 G. Davidson na C. C. Draper walitoa taarifa ya uchunguzi wao wa Tanganyika kuhusu mambo haya ya msingi: mbu huuma mara ngapi, huishi muda gani, na wangapi wana vimelea. M. T. Gillies aliwatia mbu alama, akawaachilia, kisha wakatafutwa tena nyumba kwa nyumba ili ijulikane wameruka umbali gani na wameishi siku ngapi. Matokeo yake yalitolewa mwaka 1961. Yeye na T. J. Wilkes walikadiria umri wa mbu kwa kuchunguza vifuko vyao vya mayai kwa darubini, wakatoa kazi yao mwaka 1965.

Kazi hiyo haikufanywa na mabwana hao peke yao. Mbu hawajihesabu. Walikuwapo vijana wa vijijini waliowanasa mbu ndani ya nyumba, wenye nyumba waliowafungulia milango, na wasaidizi wa maabara waliokaa saa nyingi wameinamia darubini. Katika taarifa nyingi watu hao hawatajwi kwa majina, lakini bila wao hakuna hata tarakimu moja ambayo ingeandikwa.

Bishano la Kampala na Jaribio la Pare na Taveta

Mwishoni mwa mwaka 1950 wataalamu wa malaria walikutana Kampala. Suala lililowagawa lilikuwa zito. Wilson na wenzake walikuwa wameeleza kwamba katika sehemu ambazo malaria ni kali na haikatiki mwaka mzima, watu wazima hujijengea kinga. Walihofu kwamba malaria ikipunguzwa kwa muda, kisha kazi ikaachwa, watu watakuwa wamepoteza kinga yao, na maradhi yatarudi na kuua zaidi. Macdonald na wengine walisema kwamba haifai kungoja. Mwishowe mkutano ulipendekeza kwamba malaria ipigwe vita popote inapowezekana, bila kujali ukali wake.

Hofu ya Wilson ilikuwa ya mtu aliyeyaona mengi, na hatuwezi kuidharau. Lakini hapana budi tuulize: kinga hiyo ya watu wazima ililipwa na nani? Ililipwa na watoto. Kila mtu mzima aliyesimama shambani akiwa na kinga alikuwa amepita katika utoto ambao wenzake wengi hawakuuvuka. Kusema kwamba Waafrika wameizoea malaria kulikuwa ni kuwahesabu waliobaki bila kuwahesabu waliokwenda. Hapa tunakutana tena na lile bishano la d'Alembert, ila safari hii akina mama waliokuwa na haki ya kuulizwa hawakuwamo mkutanoni.

Kutokana na bishano hilo lilianzishwa mwaka 1954 jaribio la Pare na Taveta, katika nchi iliyo pande zote mbili za mpaka wa Tanganyika na Kenya, kati ya milima na nyika. Kuanzia mwaka 1955 hadi 1959 nyumba za huko zilipuliziwa dieldrini, dawa ambayo siku hizi imepigwa marufuku karibu duniani kote kwa madhara yake. Watafiti walipima damu, wakaandika waliozaliwa na waliokufa, na kuhesabu mbu.

Matokeo yalikuwa makubwa. Vimelea katika damu ya watoto vilipungua mno. Upungufu wa damu ulipungua. Vifo vya watoto wachanga vilishuka kwa karibu nusu. Mbu wa aina ya funestus, ambaye hupenda kulala ndani ya nyumba, alitoweka katika eneo hilo. Hata hivyo malaria haikukoma kabisa. Mbu wa jamii ya gambiae walipungua bila kumalizika, kwa kuwa baadhi yao huuma ng'ombe na kupumzika nje, mahali ambapo dawa haikufika.

Mwaka 1959 upuliziaji ulisimamishwa, lakini uchunguzi uliendelea. Malaria ilirudi pole pole katika miaka iliyofuata. Lile janga lililohofiwa, la watu wazima kufa kwa wingi kwa kupoteza kinga, halikutokea. Vifo vya watoto navyo havikurudi mara moja katika kiwango cha zamani, na yasadikiwa kwamba dawa za kutibu malaria zilizokuwa zikipatikana kwa urahisi zaidi zilisaidia. Kwa hiyo bishano la Kampala lilipata jibu lake Upare. Wakati huo huo wenyeji walibaki na swali lao wenyewe: ikiwa imejulikana kwamba watoto wanaweza kuokolewa, mbona kazi imeachwa? Mlinganyo hauna jibu la swali hilo. Hesabu huonyesha linalowezekana. Kulitenda ni uamuzi wa watu wenye madaraka na mali.

Mipaka ya Hesabu

Shirika la Afya Duniani lilianza mpango wa kuitokomeza malaria ulimwenguni mwaka 1955, na hesabu za Macdonald zilikuwa miongoni mwa nguzo zake. Sehemu kubwa ya Afrika iliachwa nje ya mpango huo, na mwaka 1969 lengo lenyewe liliwekwa kando. Kwa nini Afrika ilikuwa ngumu? Hesabu yenyewe inatueleza. Katika baadhi ya sehemu zetu idadi ya wagonjwa wapya watokanao na mgonjwa mmoja ilikadiriwa kuwa ya mamia. Tuseme ni 200. Hata tukiipunguza mpaka sehemu moja ya tisa, kama katika mfano wetu wa juu, itabaki zaidi ya 20, nayo bado iko mbali na moja. Huko Garki, kaskazini mwa Nigeria, kati ya mwaka 1969 na 1976, upuliziaji pamoja na dawa za kumeza uliipunguza malaria sana, lakini haukuikata.

Zipo sababu nyingine. Hesabu za mwanzo zilimchukua mbu kama mdudu wa aina moja, hali wale walioitwa gambiae waligunduliwa kuwa ni jamii ya mbu wa aina kadhaa, wenye tabia mbalimbali. Zilidhani kwamba kila mtu huumwa sawa na mwenzake, hali anayelala penye dimbwi bila chandarua huumwa zaidi. Tena hesabu haiwezi kuwa bora kuliko vipimo vilivyoingizwa ndani yake. Mwaka 2020, wakati wa UVIKO-19, wataalamu wa Kilifi nchini Kenya walipima damu ya watu waliojitolea kuchangia damu, wakakuta kwamba takriban mmoja katika 20 alikuwa na dalili za kuwa amekwisha kuambukizwa, hali wagonjwa waliothibitishwa nchini wakati huo walikuwa elfu kadhaa tu. Asiyepimwa hahesabiwi, na hesabu inayowaacha wengi nje hupotosha.

Hata hivyo elimu hii haikukaa bure. Unguja na Pemba zimeonja pande zote mbili za mafunzo yake. Mpango wa upuliziaji ulioanza mwishoni mwa miaka ya 1950 uliipunguza malaria visiwani. Uliposimamishwa mwaka 1968, malaria ilirudi. Baada ya mwaka 2003, kwa dawa mpya, vyandarua na upuliziaji, ilishuka tena mpaka watu wenye vimelea wakawa chini ya mmoja katika 100. Mwaka 2009 wataalamu walikokotoa kama inawezekana kuimaliza kabisa. Walichunguza hata nyendo za simu za mkononi, ili kukadiria ni wasafiri wangapi wanaovuka kutoka bara wakiwa na vimelea. Hesabu ikaonyesha kwamba hata siku ambayo hakuna mgonjwa hata mmoja visiwani, ulinzi hauwezi kuachwa, kwa kuwa vyombo vinavuka kila siku. Ndilo fundisho ambalo wasafiri wa misafara walimpa Christie miaka 140 kabla ya hapo.

Tamati

Tumeona kwamba elimu hii ilipita Uswisi, Bara Hindi, Morisi na London, na kwamba sehemu yake kubwa ilipata vipimo vyake katika vijiji vya Tanga, Pare na Taveta. Basi isifundishwe shuleni kana kwamba ni mgeni aliyeletwa na meli. Mwalimu wa hisabati anaweza kuwapa wanafunzi wake wale mbu 100, akawaambia wazidishe kwa tisa na kugawanya kwa kumi mara 12, kisha warudie kwa nane. Mwalimu wa historia anaweza kuwatuma kwa wazee wa Pare wanaoikumbuka dawa iliyopuliziwa nyumbani mwao walipokuwa wadogo.

Jambo moja tungependa lisisahauliwe. Katika kila hesabu ya maradhi, tarakimu ni watu. Wale 28 waliobaki na wale saba waliobaki ni mbu, lakini tofauti kati yao ni watoto kadhaa wa kijiji kimoja ambao wataugua au hawataugua. Kampala, mwaka 1950, walizungumza juu ya watoto hao bila wazazi wao kuwapo. Leo tunao wanahisabati wetu, matabibu wetu na taasisi zetu, ikiwamo Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1979. Kwa hiyo, suala litakapokuwa ni kuendelea na kazi au kuiacha, wanaohesabiwa wawe miongoni mwa wanaohesabu, na miongoni mwa wanaoamua.